Jumatatu mbili za Januari

Jumatatu ya tarehe 31 Januari 1994, kabla ya saa tano asubuhi, mafundi wawili walikuwa kwenye jukwaa la Gran Teatre del Liceu mjini Barcelona wakitengeneza pazia la chuma. Pazia hilo lina kazi moja tu: moto ukizuka jukwaani lishuke, litenge jukwaa na ukumbi, watu wapate kutoka. Kifaa cha moto walichokuwa wakitumia kikatoa cheche, cheche zikatua kwenye mapazia ya kitambaa, na kabla jua halijafika utosini paa lilikuwa limeporomoka. Hakufa mtu. Jumba hilo la opera lililofunguliwa mwaka 1847 likabakiwa na uso wake wa mbele unaotazama barabara ya La Rambla, ngazi kuu, na ule ukumbi wa mapumziko uitwao Saló dels Miralls. Vyote vya katikati, viti, roshani, dari iliyochorwa na jukwaa lenyewe, vikawa kifusi.

Miaka miwili kasoro siku mbili baadaye, tarehe 29 Januari 1996, Jumatatu tena, ikawa zamu ya Teatro La Fenice mjini Venice. Safari hii ilikuwa saa tatu usiku. Asubuhi yake zilisimama kuta za nje peke yake.

Ukizipanga tarehe hizo utadhani kuna aliyeloga. Tena Liceu ilikwishaungua mara moja mwaka 1861, na La Fenice mwaka 1836. (Jina La Fenice ni la yule ndege wa hekaya anayefufuka kutoka majivuni, na waandishi wa magazeti hawajalichoka hadi leo.) Lakini tazama ni nani walikuwa ndani ya majumba hayo mawili moto ulipoanza. Watazamaji hawakuwamo, wala waimbaji. Walikuwamo mafundi, na kote kuwili kazi iliyokuwa ikiendelea ilihusu usalama wa moto.

Kuelewa kwa nini cheche chache zinamaliza jengo zima ndani ya saa moja au mbili, inabidi kwanza kulijua jengo lenyewe. Ukikaa kwenye kiti ukatazama jukwaa, unachokiona ni sehemu ndogo. Juu ya upinde wa jukwaa, yaani ile fremu kubwa ambayo watazamaji hutazama jukwaa kupitia kwayo, kuna mnara mtupu, kwa kawaida wenye kimo cha mara mbili na nusu hadi mara tatu ya upinde huo. Upinde ukiwa mita 10, mnara unakwenda mita 25 hadi 30. Sababu ni rahisi: mandhari ya onyesho, yaani vitambaa vilivyochorwa na fremu za mbao, lazima ivutwe juu yote hadi isionekane. Kwa hiyo humo ndani mnaning'inia makumi ya mabomba, kila bomba na kitambaa chake, vyote vimesimama wima, hewa pande zote mbili, na chini yake sakafu ya mbao kavu yenye nyufa na milango ya kushukia chini ya jukwaa.

Anayewasha jiko la mkaa anajua anachotafuta: kitu chepesi, kikavu, kilichopangwa kwa nafasi, na upepo kutoka chini. Mnara wa jukwaa una vyote hivyo, na juu yake una urefu wa bomba la moshi. Moto kwenye kitambaa kilichotundikwa hupanda kwa sekunde. Ukifika juu ukakuta paa limefungwa, moshi na gesi za moto hutanda chini ya paa, hujaa, kisha hurudi chini kama maji yanayojaa ndoo iliyogeuzwa, hadi zinafika ukingo wa upinde na kumwagika upande wa watazamaji. Hapo roshani ya juu kabisa, yenye tiketi za bei rahisi, ndiyo inayopokea moshi kwanza.

Ndiyo maana paa la mnara huwekewa milango ya moshi. Kanuni za Uingereza zimezoea kutaka eneo la milango hiyo liwe sehemu ya kumi ya eneo la jukwaa, za Marekani sehemu ya ishirini. Jukwaa la mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300, kwa hiyo tundu la juu ni mita za mraba 30 kwa hesabu ya kwanza, au 15 kwa ya pili. Milango hiyo hushikiliwa na waya wenye kiungo cha risasi laini kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 74 hivi. Kiungo kikiyeyuka, uzito wa mlango au springi yake inaufungua bila kumsubiri mtu wala umeme. Kinachoharibika ni mambo madogo ya aibu: mchoraji amepaka kiungo rangi, kwa hiyo kinachelewa, bawaba zimeshika kutu, au mtu amechoka na mvua inayovuja, akaupigilia mlango misumari. Iroquois Theatre ya Chicago ilikuwa na umri wa wiki tano tu ilipowaka tarehe 30 Desemba 1903. Milango ya moshi haikufunguka, pazia la asbesto likakwama njiani likishuka, kisha wasanii waliokimbilia mlango mkubwa wa nyuma wakaufungua na hewa baridi ya Desemba ikaingia kwa nguvu. Moto ukasukumwa ukapita chini ya pazia lililokwama, ukaingia ukumbini. Walikufa watu 602. Matangazo ya jumba hilo yalisema haliwezi kuungua kabisa, na kwa maana fulani walikuwa sahihi, kwa sababu kuta zilibaki zimesimama na ukumbi ukafunguliwa tena kwa jina jingine.

Pazia la chuma ni la zamani kuliko watu wengi wanavyofikiri. Jumba la Drury Lane la London lilipofunguliwa upya mwaka 1794 lilijinadi kwa pazia la chuma na matangi ya maji juu ya paa. Liliungua tarehe 24 Februari 1809. Kilichofanya pazia la chuma liwe sheria badala ya mbwembwe ni vifo vya Ringtheater ya Vienna, Desemba 1881, ambako mamia ya watu walikufa, na baada ya hapo mji mmoja baada ya mwingine wa Ulaya ukalidai.

Pazia la siku hizi ni fremu ya chuma yenye bati na kizuizi cha joto, zamani asbesto, sasa vitambaa vya nyuzi za kioo. Kingo zake hupita ndani ya reli za chuma zilizofungwa ukutani pande zote mbili, ili moshi usipenye pembeni. Hutundikwa kwa nyaya kupitia makapi hadi kwenye vyuma vya kusawazisha uzito, na hesabu hufanywa ili pazia liwe zito kidogo kuliko vyuma hivyo. Breki ikiachiwa, linashuka lenyewe, umeme ukiwepo usiwepo. Kanuni ya Uingereza ni sekunde 30 kutoka juu hadi sakafuni, na mita za mwisho hupunguzwa kasi na bomba la mafuta ili lisimponde mtu. Juu yake, upande wa jukwaa, hupita bomba lenye matundu linalolimwagia maji. Mkono wa kuliachilia huwekwa zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu aliye jukwaani huenda amekwishakimbia. Na ni lazima lishushwe mbele ya watazamaji katika kila onyesho. Ukienda kuona mchezo London, wakati wa mapumziko utaliona linashuka na kupanda. Hiyo si heshima kwa wageni. Chuma kisichosogezwa huganda, na njia pekee ya kujua kwamba hakuna aliyeweka kinanda au spika kwenye mstari wake ni kulishusha.

Sasa rudi Barcelona. Pazia likiwa kwenye matengenezo haliwezi kuhesabiwa kuwa kinga. Na mahali linapokaa ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuwashia moto: kwenye mshono kati ya mnara na ukumbi, sentimita chache kutoka kwenye pazia la mbele na vitambaa vyake vya juu. Moto ukianzia hapo, umekwishavuka mpaka kabla haujapata nguvu. Nyuma yake una mnara, mbele yake una dari ya ukumbi, na juu ya dari una ile nafasi ya giza kati ya dari na paa, ambayo katika majumba ya karne ya 19 ni msitu wa mbao bila ukuta wa kuukata. Dari iliyotundikwa kwenye mbao hizo haiporomoki kwa sababu imeungua yenyewe. Inaporomoka kwa sababu kilichoishikilia kimeungua.

Watu huuliza kama vitambaa havikuwekewa dawa ya kuzuia moto. Dawa ina mipaka yake, na inafaa kuijua. Mchanganyiko wa kizamani wa kutibu vitambaa vya pamba, unaofanya kazi hadi leo, ni gramu 200 za boraksi na gramu 85 za asidi ya boriki kwenye lita mbili za maji ya moto. Kitambaa kinachovywa au kunyunyizwa hadi kilowe chote, kisha kinaanikwa bila kukamuliwa. Poliesta hainywi maji hayo, kwa hiyo usijidanganye nayo. Ukifua mara moja, dawa imeondoka. Na chumvi hizo hupenda unyevu: kwenye kumbi za pwani yetu, ambako hata sukari inashikana ndani ya kopo, kitambaa hutoa madoa meupe, na waya au pete za chuma zinazokigusa hushika kutu mapema.

Jaribio lake halihitaji maabara. Kata ukanda wa upana wa milimita 13 na urefu wa sentimita 10 kutoka kwenye upindo wa ndani, si kipande kipya cha dukani. Toka nje mahali pasipo na upepo, ushike kwa koleo, uweke mwali wa kiberiti kwenye ncha ya chini kwa sekunde 12, kisha uondoe. Kitambaa kizuri huwa cheusi na kuzima chenyewe ndani ya sekunde mbili. Kikiendelea kuwaka, au kikidondosha matone yenye moto, kishushwe siku hiyo hiyo. Wengi hukosea kwa kujaribu upande safi. Vumbi la miaka kumi lililokaa juu ya mahameli huwaka lenyewe hata kama kitambaa chini yake kimetibiwa. Tena hata kitambaa kilichotibiwa vizuri kimeandaliwa kukabili mwali mdogo. Tone la chuma kilichoyeyuka ni kitu kingine: linatoboa, linajizika kwenye manyoya ya mahameli, na linaweza kufuka polepole bila moshi wa kuonekana wakati mafundi wanakunywa chai.

Venice ni kisa cha namna nyingine, ingawa kinaishia mahali pale pale. La Fenice ilikuwa imefungwa kwa ukarabati na ilitarajiwa kufunguliwa Machi. Vitambua moshi vilikuwa vimezimwa wakati wa kazi. Mifereji ya maji iliyo jirani na jumba ilikuwa imekaushwa ili kuchimba tope, kazi iliyoachwa kwa miaka mingi na ambayo hatimaye mji ulikuwa umeanza kuifanya. Katika mji ambao zimamoto huja kwa boti na kunyonya maji mahali zinapofunga kamba, jumba hilo likawa kisiwa kikavu. Boti hazikuweza kusogea. Mipira ilibidi ivutwe kutoka mbali, na kila mita ya mpira hula sehemu ya nguvu ya maji. Helikopta ikaletwa kuchota maji na kuyamwaga juu. Wazima moto wakafanya uamuzi ambao kwangu ndio ulioiokoa Venice: waliliacha jumba liungue na wakaelekeza maji kwenye mapaa ya majirani, ambako cheche zilikuwa zikitua.

Mwaka 2001 mahakama iliwatia hatiani mafundi umeme wawili, binamu, kwa kuuwasha moto huo makusudi. Kampuni yao ndogo ilikuwa nyuma ya ratiba na ilikabiliwa na faini ya ucheleweshaji. Walihukumiwa kifungo, mmoja miaka saba na mwingine sita. Habari nyingi huishia hapo, kwa sababu mhalifu anatosha kufunga hadithi. Lakini usiku ule hata waya mmoja uliochubuka ungetoa matokeo yale yale. Aliyewasha alikuta nyumba imekwishavuliwa nguo: kengele imekatwa, maji yameondolewa, na sakafuni kuna mbao mpya, randa na makopo ya rangi.

Hakuna aliyeondoa vyote hivyo kwa uzembe wa mara moja. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri. Vumbi la kazi huamsha vitambua moshi mara kumi kwa siku, kwa hiyo vinazimwa. Tope la mfereji haliondolewi bila kuziba ncha zote mbili na kuvuta maji. Anayepanga mifereji hakai meza moja na anayepanga nyaya, na tarehe zao zikikutana hakuna anayezisoma pamoja.

Dawa ya hili ni ya kikaratasi na inachosha. Kinga ikizimwa, izimwe kwa eneo moja na kwa zamu moja, na mahali pake akae mtu: mlinzi anayezunguka kila saa na kuandika saa aliyopita. Maji yakikatwa, yaletwe mengine kabla hayajakatwa, na hesabu ifanywe kwa ukweli. Simtanki la lita 10,000 linaonekana mlima uwanjani, lakini mpira mmoja wa zimamoto ukitoa lita 500 kwa dakika unalimaliza kwa dakika 20. Mipira miwili, dakika 10. Tangi la namna hiyo ni la kuuwahi moto ukiwa mdogo.

Kujenga upya kulichukua muda usiolingana. Liceu ilifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1999 kwa opera ya Turandot, ukumbi wa viti ukiwa na sura ya zamani lakini nyuma ya upinde kukiwa na jukwaa jipya kabisa, kubwa zaidi. La Fenice ilikwama katika mabishano ya zabuni, mbunifu wake Aldo Rossi akafariki mwaka 1997, na kazi yenyewe ilipoanza kwa dhati mwaka 2001 ilikamilika kwa siku 650 hivi. Milango ikafunguliwa Desemba 2003. Waliotaka irudi kama ilivyokuwa, mahali ilipokuwa, walisaidiwa na bahati mbili. Filamu ya Senso ya mwaka 1954 inaanza kwa tukio lililopigwa ndani ya jumba hilo, kwa hiyo mapambo ya roshani yangeweza kusomwa picha kwa picha. Na kabla ya moto wataalamu wa sauti walikuwa wamepima jinsi mwangwi unavyoishi ndani ya ukumbi, wakabaki na rekodi. Ukumbi wako una kumbukumbu gani? Kama hakuna, siku moja ya kamera, futi na kinasa sauti ni kazi ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kuhusu kazi ya moto yenyewe, yaani kuchomelea, kukata kwa gesi, kusaga chuma, swali la kwanza ni kama moto unahitajika. Mara nyingi boliti au msumeno vinatosha, na chuma kinaweza kufunguliwa, kikapelekwa karakana, kikarudishwa. Ikishindikana, kibali kiandikwe kwa zamu moja, kitaje mahali, mtu na saa. Vinavyoungua viondolewe kwa umbali wa mita 11 kuzunguka. Lakini kipimo hicho ni cha kazi iliyo sakafuni. Cheche zinazodondoka kutoka mita 15 juu hugonga, hupasuka na kutawanyika mbali zaidi. Vitambaa vyote vishushwe na kutolewa nje, si kuvutwa juu, maana juu ndipo moto uendako. Nyufa za sakafu ya jukwaa zifunikwe kwa blanketi za moto, na chini ya jukwaa akae mtu wa pili, kwa sababu huko ndiko cheche hutumbukia kwenye vumbi na vipande vya mbao vya miaka. Anayechomelea hawezi kuwa mlinzi wake mwenyewe. Akivaa barakoa haoni chochote zaidi ya nukta anayoichoma. Kazi ikiisha, mlinzi abaki dakika 60 na mtungi wake, kisha ukumbi uchunguliwe mara kwa mara kwa saa tatu nyingine. Ndiyo maana mafundi wenye busara huzima gesi saa nane mchana, siyo saa kumi na moja jioni wakati kila mtu ana haraka ya daladala.

Halafu kuna mifuko. Badala ya kuzima mfumo mzima, mafundi huvifunika vitambua moshi kwa mifuko ya plastiki ili vumbi lisiviamshe. Ni njia nzuri, mradi mifuko iandikwe kwenye kibali: mingapi imefungwa, saa ngapi, na nani. Jioni ihesabiwe ikiwa mkononi, siyo kwa kutazama darini. Iliyofungwa ikiwa 15 na mkononi ikawa 14, ngazi irudishwe ndani.